Ndimu na Majivu

Nyumbani kwangu Kaloleni, mjini Voi, kuna kiondo kimetundikwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Hakijakamilika. Kina kitako, kina ubavu wa kiasi cha shubiri moja, kisha nyuzi zimeachwa zikining'inia pande zote, kana kwamba msukaji aliitwa mara moja na angerudi. Wageni wakikiona huniuliza kwa nini sikitafutii mtu akimalizie. Huwajibu kwamba nitamtafuta. Siku za ukavu, nazo ndizo nyingi hapa Voi, husahau kwamba kipo. Lakini mvua ikinyesha na hewa ikapata unyevu, kiondo hutoa harufu ya makonge mabichi, kali, yenye uchachu unaokaa kooni. Hapo huwa nina miaka tisa tena, na dada yangu Nekesa yuko hai.

Nekesa tulimzika mwaka jana, kabla ya mvua kuanza.

Tulilelewa kwenye kambi ya shamba la makonge, nje ya mji. Jina la shamba halina haja hapa. Baba alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja kukata makonge kwa muda mfupi tu, apate cha kurudi nacho kwao. Muda huo mfupi haukuisha mpaka siku alipokufa. Nyinyi mliokulia kambini mnajua ninachosema: nyumba za laini, chumba hiki kimeshikana na kile, bati zinalia mchana kwa joto, na mashine ya kukamua inanguruma kutwa nzima huku maganda yake yakioza nyuma ya kiwanda. Tulipofika shuleni, watoto wa mjini walitunusa kabla hawajatuona. Na katikati ya laini sita palikuwa na bomba moja.

Nalitaja hilo bomba kwa sababu mambo yote yalianzia hapo, ingawa wakati huo sikuona lolote. Bombani kila ulichofua kilionekana. Blanketi la mtoto aliyekojoa, shati la mlevi aliyelala mtaroni, shuka la maharusi, vyote vilipita mbele ya macho ya watu na vikajadiliwa. Hapakuwa na pembe ya kujificha. Mimi nililipenda bomba kwa maneno yake. Msichana mkubwa, nafikiri sasa, aliliona kama mahakama.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni beseni la bluu, na vitambaa ndani yake, na maji mekundu, na jirani mmoja akilitoa nje amelifunika kwa leso. Mama alibebwa kwenye trekta ya shamba kupelekwa hospitali na hakurudi. Hakuna aliyenieleza kitu. Watu wazima waliniambia mama amepumzika, wakanipa chai yenye sukari nyingi. Kwa hiyo nilijieleza mwenyewe: mtu akikaribia kufa, maji ya beseni hubadilika rangi. Nililiweka hilo moyoni kama mtoto anavyoweka kwamba moto unaunguza.

Nekesa alinizidi miaka mitano. Yeye ndiye aliyenilea. Alipika, akanisuka nywele, akanisomea kwa sauti vitabu vyake vya darasa la juu hata kama sikuelewa. Alikuwa kichwa. Alipofika darasa la nane, mwalimu wake alimwambia Baba kwamba akifanya mtihani kama anavyofanya mazoezi, atapata nafasi kwenye shule ya bweni ya wasichana kule milimani, na shamba huwa linasaidia mtoto mmoja wa mfanyakazi kila mwaka. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alinunua daftari jipya akaliweka juu ya meza bila kusema ni la nani. Sote tulijua ni la nani.

Mwaka huo huo Nekesa alianza kukosa shule. Siku tatu, nne, analala amejikunja ukutani, anasema tumbo. Mwezi uliofuata, hivyo hivyo. Kisha siku moja akaja Mama Syombua.

Huyu alikuwa mjane wa Kikamba, mtu wa Kibwezi, aliyefanya kazi ya kupiga brashi singa, zile nyuzi za makonge, kiwandani. Watoto wake walikuwa wakubwa wameshaondoka. Alikaa chumba cha mwisho cha laini ya sita, na uani kwake alikuwa amejizungushia ua wa boriti za makonge, yale mashina marefu makavu ambayo ukiyagonga yanalia kitupu. Kila Jumamosi mchana alichemsha magome ya miti kwenye sufuria kubwa nyeusi, akatumbukiza singa humo zipate rangi ya viondo. Maji yake yalitoka mekundu, yakapita chini ya ua kwenye kijimtaro hadi barabarani. Kambi nzima ilikuwa imeyazoea. Watu waliyaruka bila kuyatazama.

Alikaa na Nekesa ndani kwa muda, mlango umefungwa. Walipotoka, Nekesa alikuwa amelia, lakini uso wake ulikuwa mwepesi. Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda kule, yeye na wasichana wengine wawili watatu wa rika lake, kila mmoja na kiondo alichokianza.

"Unaenda kufanya nini?" nilimuuliza.

"Kusuka."

"Na mimi nataka."

"Wewe bado."

Ah, hilo neno! Sijui kama kuna neno lililowahi kuniuma zaidi utotoni. Nekesa hakuwahi kwenda mahali bila mimi. Nilimfuata siku moja hadi mlangoni kwa Mama Syombua nikasimama hapo nimenuna. Yule mama akatoka, mikono myekundu hadi kwenye viwiko, akachuchumaa mbele yangu.

"Kuja hapa, Naliaka. Unalia nini?"

"Silii."

"Sawa, hulii. Sikia. Siku yako ikifika, nitakuita mimi mwenyewe. Sitasahau. Lakini si leo. Enda ucheze."

Sikwenda kucheza. Jumamosi iliyofuata nilizunguka nyuma, nikapata nafasi kati ya boriti mbili, nikachungulia.

Mama Syombua alikuwa ameketi chini amenyoosha miguu, anasokota uzi pajani kwa kiganja. Singa zilizotiwa rangi zilikuwa zimeanikwa kwenye waya, nzito, zinadondoka. Nyuma ya singa hizo, upande ambao mtu wa njiani hawezi kuona, vilianikwa vipande vya kitambaa. Na Nekesa alikuwa ameinama juu ya beseni letu la bluu, lile lile, anafua vitambaa, na maji yalikuwa mekundu.

Nilisikia akisema, "Baba asijue, tafadhali."

"Atajuaje?" Mama Syombua akamjibu. "Maji ya rangi na maji yako yanapita mtaro moja. Hakuna mtu huangalia. Fua polepole, mwanangu. Hii si ugonjwa na si aibu. Ni vile tu watu hawana adabu ya kutazama kando."

Leo nayasikia maneno hayo na naelewa kila moja. Yule mama alikuwa amewapatia wasichana wa kambi kitu ambacho hakikuwepo popote katika laini sita: mahali pa kufulia pasipo macho. Alichagua siku ya rangi makusudi. Aliwapa kiondo ili wanapoulizwa wanakwenda wapi wawe na jibu la kweli. Tangu aanze na Nekesa, dada yangu hakuwa amekosa shule hata siku moja.

Lakini sikuwa na masikio hayo. Niliona beseni la mama. Nilisikia Baba asijue. Maji yalikuja chini ya ua hadi miguuni pangu, nami nikachovya vidole viwili kuona kama ni kweli. Vilitoka vyekundu hadi kwenye kucha. Nikakimbia.

Sitajitetea. Nilikimbia kwa sababu niliogopa kwamba Nekesa anakufa, hilo ni kweli, Mungu ni shahidi. Lakini palikuwa pia na kijisehemu kidogo, kibaya, kilichokimbia kwa furaha kwamba sasa nina siri yao, na wao walinikatalia. Nimeishi na vyote viwili.

Baba alikuwa nje ya chumba chetu, ametoka kazini nusu siku, ananoa kisu chake cha kukatia makonge.

"Baba, Nekesa atakufa."

"Nani amekuambia upuuzi huo?"

"Nimeona. Kwa Mama Syombua. Anafua vitambaa vya damu. Amesema wewe usijue." Nikamwonyesha vidole.

Akaacha kunoa. Alinishika mkono, akautazama. "Damu ya nini?"

"Kama ya mama."

Maneno matatu. Mimi sikujua mama alikufa kwa nini. Baba alijua: mama alikufa mimba ilipoharibika. Nilipomwambia kama ya mama, nilimaanisha beseni na rangi. Yeye alisikia mwanamke mzee, nyuma ya ua, msichana wa miaka kumi na nne, damu na siri. Aliuachia mkono wangu, akaweka kisu chini. Kisha akavaa shati lake la kanisani, siku ya Jumamosi, akaenda kwa mzee wa kanisa.

Hakuna aliyemuuliza Nekesa. Hadi leo hilo ndilo linalonishangaza zaidi. Wanaume watatu walikaa wakajadili mwili wa mtoto, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtazama usoni amuulize swali la maneno manne. Mzee wa kanisa alimwambia mnyapara. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, bomba lilikuwa limeshajaa: Mama Syombua anatoa watoto wa watu mimba. "Lisemwalo lipo," walisema wanawake wakikinga madumu.

Asubuhi hiyo Nekesa alikuwa ananiandaa kwenda kanisani. Baba alikuwa hasemi naye. Alikunywa uji wake ameupa ukuta uso. Nekesa alinishika mkono anivalishe sweta, akaona vidole vyangu. Aliviangalia. Nakumbuka aliviangalia kwa muda mrefu, nami nikaanza kutunga uongo ambao sikuulizwa. Alichukua ndimu kwenye kikapu, akaikata, akachota majivu jikoni, akaanza kunisugua. Alinisugua hadi ngozi ikawasha, akapitisha kijiti chini ya kila kucha. Nililalamika.

"Nyamaza," aliniambia, taratibu kabisa. "Usiende bombani leo. Ukiitwa na mtu, weka mkono mfukoni mpaka rangi itoke yote."

Nilidhani anaogopa nitaonekana mchafu kanisani. Nilidhani hajui. Nilifurahi hata, kwamba hajui.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Jumatatu watu walivunja ua wa Mama Syombua. Waliipindua sufuria, wakatupa singa chini, wakaokota vile vitambaa kwa fimbo wakavionyesha. Mama zao wasichana wale wengine walikuwepo. Walijua vitambaa vile ni vya nini. Wengine walivitambua, vilikatwa kwenye magauni yao wenyewe ya zamani. Hakuna aliyefungua mdomo. Kumtetea Mama Syombua kungemaanisha kutamka, mbele ya wanaume, mbele ya mzee wa kanisa na mnyapara, kitu ambacho mwanamke wa kambi hatamki. Yeye mwenyewe pia hakujitetea. Ningekuwa mkubwa ningejua kwa nini: ili ajitetee ingembidi awataje wasichana kwa majina.

Alipewa siku moja ahame. Aliondoka kwa miguu kuelekea Mbololo, alikokuwa na ndugu wa marehemu mumewe, ile sufuria nyeusi kichwani. Alinipita nimesimama karibu na bomba. "Kaa vizuri, Naliaka," alisema, kama siku nyingine yoyote. Nilikuwa nimeficha mkono.

Baba hakumpiga Nekesa. Afadhali angempiga, maana kipigo kina mwisho. Alimwambia asimpikie tena, na lile daftari likaondoka mezani. Nekesa alijaribu mara moja kumwambia. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni akasema, "Baba, haikuwa hivyo. Ni mambo tu ya wasichana," na Baba akainua kiganja kumzuia, amefumba macho, kwa aibu, si kwa hasira. Alikuwa anaogopa kusikia. Naamini siku zake za mwisho alishajua kwamba alikosea, lakini mlango aliokuwa ameufunga kwa kiganja hakujua kuufungua.

Basi Nekesa akarudi kwenye siku zake tatu nne za ukutani. Hakuwa tena na pa kufulia, hakuwa na wa kumuuliza. Mtihani ulikaribia. Palikuwa na mwenye kioski mmoja kando ya barabara kuu, mtu mzima mwenye mke kwao, ambaye aligundua shida za wasichana wa kambi kabla ya wazazi wao. Alikuwa na pakiti za pedi kwenye rafu ya nyuma, alizifunga kwa gazeti, na alisema hazina haja ya pesa. Sitaendelea. Nyote mnajua zilikuwa na haja ya nini. Siku ya mtihani wa kwanza Nekesa alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na Baba akapata ile aliyokuwa ameihukumu kabla haijakuwepo.

Nekesa alikwenda Taveta, Bomeni, kwa mama mmoja wa kanisa aliyekuwa na shamba la ndizi. Alijifungua huko msichana, akamwita Syombua. Baba alisikia jina, akaondoka chumbani.

Siku yangu nayo ilifika, nikiwa na miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeniita. Nilijifungia chooni kwenye zile laini nikaketi sakafuni nikasubiri kufa. Nilisubiri kwa muda mrefu, nikamwomba mama msamaha, nikamwomba Nekesa, hata Mama Syombua nilimwomba. Walionitoa ni wanawake waliotaka kutumia choo, wakacheka. Miezi michache baadaye muuza ndizi mmoja alileta kifurushi kutoka Taveta. Ndani mlikuwa na vitambaa sita, vimekatwa sawasawa, vimeshonwa pindo kwa mkono. Hapakuwa na barua. Nekesa alikuwa amehesabu miaka yangu kutoka kule.

Nilisoma. Sasa ni mwalimu. Droo ya tatu ya meza yangu ofisini haina vitabu, na kila msichana wa shule yetu anajua ina nini na kwamba haifungwi. Sijawahi kumwambia mtoto yeyote "wewe bado." Lakini kwa Nekesa, kwa miaka yote niliyokuwa nikimtembelea Bomeni, sikufungua mdomo. Tulikaa sokoni kwenye mikungu ya ndizi aliyokuwa akiuza, tukanywa chai, tukacheka. Kila mara nilikwenda nimejiandaa kumwambia ni mimi. Kila mara nilirudi Voi na ndizi. Mwaka jana uvimbe ulimshika tumboni, ukachelewa kutambuliwa, nikamkalia kitandani wiki mbili nzima, na bado nilizungumza kuhusu hali ya hewa. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia, ya nini kumsumbua mgonjwa. Ulikuwa woga tu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mimi na Syombua tulikuwa tunakunja nguo za mama yake. Ni mwanamke mzima sasa, ana mabega ya Baba. Chini ya sanduku alitoa kile kiondo.

"Hiki ni chako, anti. Mama alisema nikupe."

"Alikibeba kutoka kambini?"

"Ndiyo. Alikuwa anasema hawezi kukimaliza bila fundi wake." Akakigeuza, akanusa. "Unajua mimi nilipoanza kusuka, yeye ndiye alinifundisha kuchemsha rangi? Nikachafuka vidole hivi. Akanichukulia ndimu na majivu, akanisugua, nikalia. Akacheka. Akasema, hata mamako mdogo alilia nilipomsugua. Nikamuuliza, kwani anti naye alikuwa anasuka? Akasema hapana. Akasema alikusugua ili wasikujue."

Nilishika ukingo wa kitanda. Rangi ile ilitoka mahali pamoja tu katika kambi nzima. Mtu yeyote bombani angeiona, angejua ni nani aliyechungulia na nani aliyesema. Mama zao wale wasichana wangenirarua.

Syombua alikuwa ananitazama, leso mkononi. "Wasikujue kwa nini, anti? Ulikuwa umefanya nini?"

Nikamwambia. Nilianza na beseni la bluu nikaenda hadi mwisho, mpaka kwenye kioski, mpaka kwake yeye. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliweka kiondo mapajani pangu, akachukua leso nyingine, akaendelea kukunja.

Nilivitazama vidole vyangu. Vilikuwa safi kabisa. Nekesa alikuwa amevisugua vizuri.